Walabi wa Waimate: ruhusa ya shamba kwanza, darubini pili, bunduki mwisho

Wengi wanaotaka kuwinda walabi New Zealand hununua bunduki, wakaifunga darubini, ndipo wakaanza kuulizana wataipeleka wapi. Matokeo yake mtu anakuwa na kaliba (ukubwa wa mtutu na risasi yake) isiyolingana na ardhi aliyoipata, au kifaa cha usiku mahali ambapo usiku hauruhusiwi. Tathmini hii inageuza mpangilio huo. Ardhi inatangulia, kwa kuwa ndiyo inayoamua utapiga umbali gani, saa ngapi, na nyuma ya mnyama kutakuwa na nini. Vioo, yaani darubini, vinafuata. Bunduki inakuja mwisho, na kwa kweli ndiyo rahisi kuchagua kuliko vyote.

Walabi ni jamaa mdogo wa kangaruu, na New Zealand si kwao. Walabi wa Bennett waliachiwa karibu na mji wa Waimate, Canterbury Kusini, mwaka 1874, wakajaa vilima vya Hunters Hills. Leo wanapatikana pia kwenye safu za Kirkliston, Grampian na Two Thumb. Walabi wa dama waliachiwa kando ya ziwa Ōkāreka, karibu na Rotorua, mwaka 1912. Kwa msomaji aliyezoea wanyama wa Afrika Mashariki, dama ana kilo 4 hadi 7, yaani digidigi aliyenenepa. Dume la Bennett hufika kilo 15 na kuzidi, sawa na funo mkubwa. Tofauti hiyo ya uzito itarudi tukifika kwenye risasi.

Wafugaji wa huko hupiga hesabu kwamba walabi watatu wa Bennett wanakula majani ya kondoo mmoja, na miche ya misonobari na ya msitu wa asili haikui wanapokuwepo. Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 1993 inawaweka katika kundi la viumbe wasiotakiwa. Kwa hiyo hakuna msimu wa kufunga uwindaji wala kikomo cha idadi. Kosa ni kumhamisha walabi akiwa hai, kumfuga au kumwachia bila kibali. Mwaka 2020 serikali ilitenga dola milioni 27.4 za nchi hiyo kwa mpango wa taifa wa kuwaondoa, lakini mwindaji wa kujitolea bado ana nafasi yake, hasa ndani ya eneo la kuwazuia wasienee.

Ardhi

Kwa Bennett, eneo hilo la kuwazuia liko katikati ya mto Rangitata upande wa kaskazini na mto Waitaki upande wa kusini. Ndani yake, Mpango wa Canterbury wa Kudhibiti Visumbufu wa 2018 hadi 2038 unamtaka mwenye ardhi ahakikishe idadi ya walabi haizidi daraja la 3 la kipimo cha Guilford, kipimo kinachosoma dalili kama mavi na idadi ya walabi wanaoonekana. Mwindaji anapaswa kulijua hili kabla hajapiga hodi, kwa sababu anayemwomba ruhusa ana wajibu wa kisheria wa kupunguza wanyama hao na kazi hiyo inamgharimu. Anayekuja na ustadi na nidhamu anamletea msaada.

Nje ya mito hiyo hali ni nyingine. Ukimwona walabi kaskazini ya Rangitata au ndani ya Otago, jambo la kwanza ni kuandika mahali ulipomwona, kwa namba za ramani, na kutoa taarifa kupitia reportwallabies.nz. Picha ya nyayo au ya mavi inatosha. Mnyama mmoja akipigwa na kuachwa bila taarifa, timu inayotafuta kundi lake inapoteza dalili pekee iliyokuwa nayo, na waliobaki wametawanyika.

Shamba la mtu binafsi ndilo lango bora kuliko yote, na ndilo tunaloliweka juu. Linaruhusu usiku mwenyewe akikubali, linaruhusu gari, na mwenye shamba anajua korongo lipi lina walabi na lipi ni tupu. Gharama yake ni heshima na kazi. Simu ya kwanza iwe fupi: jina, namba ya leseni ya silaha, idadi ya watu (wawili wanatosha), aina ya bunduki, kama kuna mbwa, na tarehe mbili tatu za kuchagua. Usiombe kulungu. Anayeomba walabi huku jicho liko kwenye pembe anajulikana mapema, na habari zake hufika kwa majirani kabla yake.

Ombi likikataliwa, mara nyingi sababu ni msimu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kondoo wanazaa, na kundi lililoshtuliwa usiku huacha wana nyuma. Kiangazi kuna hatari ya moto. Baada ya mvua kubwa, njia za udongo zinaharibika chini ya magurudumu. Omba Mei, Juni au Julai, wakati usiku ni mrefu, majani mafupi na walabi wanatoka mapema kutafuta malisho.

Mbwa ni suala peke yake. Mwenye kondoo atataka uthibitisho kwamba mbwa amepewa dawa ya minyoo yenye praziquantel, angalau saa 48 kabla hajakanyaga shamba, na kwamba anapewa kila mwezi. Tegu anayeitwa Taenia ovis hupita kutoka kwa mbwa kwenda kwenye nyama ya kondoo, na mzoga wenye vivimbe vyake hukataliwa machinjioni. Mwindaji anayefika na kadi ya dawa bila kuombwa ameshajieleza nusu. Kwa usalama wa mbwa mwenyewe, uliza kama sumu ya 1080 au ya sianidi imewekwa karibuni. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa 1080 unaweza kumuua mbwa wiki nyingi baadaye, na nyama ya eneo lililowekwa sumu hailiwi.

Ukishakubaliwa, pata mambo matatu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: mipaka juu ya ramani ya Topo50 (ramani rasmi ya nchi, ya 1:50,000), nyumba na mabanda yalipo, na nani mwingine atakuwa shambani usiku huo. La tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloua watu. Geti liache ulivyolikuta. Lililo wazi huenda linafungulia kondoo njia ya maji.

Ardhi ya hifadhi iliyo chini ya DOC, idara ya uhifadhi, ni bure. Kibali cha eneo la wazi huombwa mtandaoni. Hifadhi ya Te Kahui Kaupeka, kwenye safu ya Two Thumb, ni mfano wa ardhi ya umma ndani ya eneo la Bennett. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: usiku hauruhusiwi, wala kurunzi. Walabi hulala vichakani mchana na hutoka jua likielekea kuzama, kwa hiyo kibali hicho kinakupa dakika chache nzuri asubuhi na jioni, na mchana wa kutembea. Anayejua kukaa kimya juu ya mgongo wa kilima na darubini ya mkononi atafaidi. Aliyenunua darubini ya joto, ile inayoona joto la mwili gizani, kwa bei kubwa ili aitumie huku amepoteza fedha. Ruhusa ya mbwa nayo lazima iandikwe kwenye kibali.

Misitu ya misonobari ya makampuni iko katikati. Walabi wamo, hasa penye miche michanga, lakini kila kampuni ina kibali chake, siku zake na geti lake, na shughuli za kukata magogo hufunga maeneo bila taarifa ya siku nyingi. Ardhi ya serikali iliyokodishwa kwa wafugaji wa milimani huwachanganya wageni: ingawa ni ya serikali, anayetoa ruhusa ni mpangaji. Ramani ya njia za umma ya Herenga ā Nuku, tume ya haki za kupita, inasaidia kujua pa kupita, ila haki ya kupita kwa miguu haimaanishi haki ya kupita na bunduki au mbwa.

Vioo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ushauri wetu kwa mwenye shamba la usiku ni mmoja: nunua darubini ya joto ya mkononi kabla ya darubini ya joto ya kufunga kwenye bunduki. Kutafuta wanyama kwa darubini iliyo juu ya bunduki ni kuelekeza mtutu kwenye kila kitu chenye joto, na kati ya vitu hivyo wamo mbwa wa shamba na mtoto wa mwenye shamba. Ya mkononi hukuonyesha walabi yuko wapi, hukupa muda wa kumtambua, na bunduki inainuliwa baadaye, ikiwa na darubini ya kawaida na kurunzi, au ya joto kama fedha ipo.

Matangazo husifu umbali wa kugundua: mita 1,200, mita 1,800. Umbali huo ni wa kuona nukta yenye joto ya kitu chenye urefu wa mtu. Hausemi nukta hiyo ni nini. Kinachokuhusu ni upana wa pikseli moja juu ya mnyama, nao unaukokotoa mwenyewe: gawanya ukubwa wa pikseli ya kihisi kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali. Mikroni 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa lenzi ya milimita 35 inatoa sentimita 3.4 kwenye mita 100, na 6.9 kwenye mita 200.

Fanya hesabu hiyo kwa vifaa vitatu vinavyouzwa kwa bei tofauti kabisa. Hikmicro Falcon FH35 ina kihisi cha pikseli 384 kwa 288, mikroni 12, lenzi ya 35. Falcon FQ35 ina 640 kwa 512, mikroni 12, lenzi ile ile. Pulsar Thermion 2 LRF XP50 Pro, ambayo ni ya kufunga kwenye bunduki, ina 640 kwa 480, mikroni 17, lenzi ya 50. Zote tatu zinatoa karibu sentimita 3.4 kwa pikseli kwenye mita 100. Kwa lugha nyingine, mwili wa walabi unapata idadi ile ile ya pikseli. Unachokilipia kwenye zile za 640 ni upana: FH35 inaona mita 13 za upana kwenye umbali wa mita 100, FQ35 na Thermion karibu mita 22. Upana una thamani, kwa sababu unakagua kilima kwa haraka na humpotezi mnyama akiruka. Lakini muuzaji akikuambia ya 640 itakuonyesha masikio ambayo ya 384 haioni, huku lenzi na mikroni ni zile zile, hesabu inamkataa. Anayetaka undani zaidi atafute lenzi ndefu: mikroni 12 kwa lenzi ya 50 hushusha pikseli hadi sentimita 2.4.

Sasa weka mnyama juu ya hesabu. Bennett aliyeketi ana kimo cha sentimita 65 hivi. Kwenye mita 100 anapata pikseli 19 za kimo, umbo la peari linaonekana na mkia pia. Kwenye mita 200 anabaki na 9 au 10. Anayejua atamtambua akisogea. Kwenye mita 300 ni doa la pikseli 6, na doa hilo linaweza kuwa sungura mkubwa, mwana-kondoo aliyelala au posamu, mnyama wa mitini mwenye ukubwa wa paka. Dama, kwa udogo wake, hufikia hali hiyo kabla ya mita 200. Kwa hiyo mpaka wetu wa kutambua kwa vifaa hivi ni mita 200 kwa Bennett na 120 kwa dama, hata kama bunduki inafika mbali zaidi.

Subiri asogee. Walabi akila huinama, huegemea mikono na mkia, kisha huvuta miguu ya nyuma mbele kwa pamoja. Hakuna mnyama mwingine shambani anayefanya hivyo. Sungura huonekana mfupi na hukimbia akinyoosha mgongo. Posamu hutembea kama paka. Kondoo ana miguu minne iliyoachana, ila akilala haina msaada, na hapo jibu ni kusubiri au kuondoka.

Kuna mambo ambayo darubini ya joto haioni kabisa, na mwuzaji hayataji. Haioni kupitia kioo cha gari. Haionyeshi seng'enge vizuri, na risasi ndogo ya kasi ikigusa waya au shina la nyasi mita 20 mbele yako inavunjika au inapotoka. Nyasi ndefu za mafungu na kichaka cha miiba cha matagouri hufunika mwili wote isipokuwa kichwa, na kichwa peke yake kikionekana mtu hudhani mnyama yuko mbali na ni mdogo. Ukungu hupunguza picha sana. Baada ya siku ya jua, mawe yanashika joto saa mbili au tatu za mwanzo wa usiku, na kilima kizima kinajaa madoa. Afadhali kuanza baadaye, au kuanza mapema kwa darubini ya kawaida kabla giza halijaingia. Na kifaa kikijisawazisha, picha huganda kwa sekunde moja, kwa hiyo bonyeza usawazishaji mwenyewe kabla ya kulenga, usingoje kijifanye chenyewe wakati kidole kiko kwenye kifyatulio.

Betri za lithiamu hushuka haraka kwenye baridi ya Julai. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kwa mchana, darubini ya macho mawili ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele milimita 42) ndiyo inayotumika sana, lakini kwa saa ya walabi tunaipendelea 8x42. Gawanya 42 kwa 8 unapata upenyo wa mwanga wa milimita 5.25, wakati 10x42 inatoa 4.2, tofauti hiyo inaonekana dakika kumi za mwisho za jioni, ambazo ndizo zenye walabi. Darubini ya bunduki ianze na ukuzaji mdogo, mara 2.5 au 3. Inayoanzia mara 6 ni nzuri uwanjani, ila walabi akitoka kichakani mita 40 kutoka kwako hutamwona ndani yake. Angalia pia umbali ambao kioo kimesawazishwa kiwandani: darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa yadi 100, za .22 yadi 50. Ya kwanza ukiifunga kwenye .22, jicho lisipokaa katikati, alama huhama juu ya shabaha iliyo karibu.

Bunduki

Kwa Bennett, kaliba ni .223 Remington. Risasi yenye kichwa cha greni 55, gramu 3.6 hivi, hutoka kwa kasi ya mita 988 kwa sekunde kwenye mtutu mrefu, na nguvu ya jouli 1,740 hivi. Ukiirekebisha shabaha ipige sawa kwenye mita 180, itakuwa juu kwa sentimita 3 hadi 4 kwenye mita 100, hivyo hadi mita 200 unalenga pale pale bila kuhesabu. Kaliba ya .243 ina faida kwenye upepo na kwenye mabonde mapana, ila teke lake hukufanya upoteze mnyama ndani ya darubini, na risasi zake ni ghali kwa kazi inayohitaji kupiga nyingi.

Upepo ndio adui wa Canterbury. Ule wa kaskazini-magharibi hushuka milimani kwa nguvu na ukavu, na kwenye korongo unaweza kukupiga mgongoni huku ng'ambo unakwenda kushoto. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza .223 ya greni 55 kama sentimita 18 kwenye mita 200. Eneo la moyo na mapafu la Bennett ni kama kiganja kilichokunjuliwa. Hesabu hiyo inatosha kukuambia lini usipige.

Kaliba ya .17 HMR inasifiwa kupita kiasi kwa Bennett. Kichwa chake ni greni 17, gramu 1.1 tu, na upepo ule ule unaisogeza zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 100. Nguvu yake ni jouli 330. Kwa dama, ndani ya mita 100, usiku mtulivu, ni nzuri sana. Kwa dume la Bennett aliyekaa kwa pembe, kichwa hicho kidogo hupasuka kwenye bega na mnyama anaondoka na jeraha. Kaliba ya .22 Magnum, greni 40 na jouli 440, ina uzito zaidi na inafaa dama pembezoni mwa msitu.

Na .22 ya kawaida yenye risasi za mwendo mdogo, mita 320 kwa sekunde, ni bunduki ya dama ndani ya mita 50. Iliyorekebishwa mita 50 hushuka karibu sentimita 20 ikifika mita 100, na usiku macho hudanganya umbali. Kipima umbali kinalipa gharama yake kwenye bunduki hii kuliko nyingine yoyote.

Kati ya bunduki zenyewe, Tikka T3x ya .223 ndiyo tunayoiweka mbele. Mtutu wake una msokoto (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi) wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 8, unaokubali greni 55 na pia vichwa vizito vya 69 hadi 77. Bolti, komeo la kuingiza risasi, inateleza vizuri, kifyatulio kinarekebishika. Kasoro zake: urefu wa mwili ni mmoja kwa kaliba zote, kwa hiyo .223 inabeba chuma isichokihitaji, na magazini ni ya plastiki. Nunua ya pili uiweke kwenye mkoba. Howa 1500 Mini Action iliundwa kwa risasi fupi, bolti inasafiri umbali mdogo na ni nyepesi kwa siku ya kupanda. Kifyatulio chake cha hatua mbili ni kizuri kuliko bei yake. Udhaifu ni magazini inayoning'inia chini ya mwili, ambayo hugonga mkoba unapolala kulenga, na kitufe chake kinaweza kubonyezwa na kichaka. Kabla hujainua bunduki, isukume juu kwa kiganja usikie mlio. Ukinunua bunduki kuukuu ya .223 yenye msokoto wa 1 kwa 12, usiipe kichwa kizidicho greni 55, kitayumba hewani.

CZ 457 ni chaguo letu kwa dama, kwa sababu mtutu hubadilishwa kati ya .22, .17 HMR na .22 Magnum. Kumbuka magazini ya .22 haiingii risasi za hizo mbili, na kila ukibadilisha mtutu urekebishe shabaha upya. Ruger 10/22 inayojipakia yenyewe inaruhusiwa kwa leseni ya kawaida ikiwa na magazini isiyozidi risasi 10, na ile ya kuzunguka inayokuja nayo ni ya 10. Magazini ndefu za 25 zinazouzwa Marekani ni haramu huko. Bunduki za kujipakia za kaliba kubwa ziliondolewa mwaka 2019, kwa hiyo usiulize.

Leseni hutolewa na mamlaka ya Te Tari Pūreke kwa mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, na tangu Juni 2023 kila mwenye leseni anapaswa kuandikisha silaha zake kwenye rejista. Mgeni anaomba leseni ya mgeni kabla ya safari.

Kiwambo cha kuzuia sauti ni halali na ni cha kawaida huko. Wenye mashamba wengi wanakipendelea. Bado vaa kinga ya masikio, kwa kuwa mlio wa risasi ya kasi hauondoki. Hakikisha hesi ya mdomo wa mtutu inalingana na ya kiwambo, na rekebisha shabaha kikiwa kimefungwa. Ukikivua, risasi hupiga mahali pengine.

Pa kupiga

Walabi aliyeketi ana tumbo kubwa chini na kifua kidogo juu. Anayelenga katikati ya umbo hupiga tumbo, mnyama huruka mita 60 na kufia kichakani baada ya mateso. Lenga theluthi ya juu, katikati ya mikono akikutazama, nyuma kidogo ya kiwiko akiwa ubavu. Akianza kuruka usimkimbize kwa risasi. Bennett mara nyingi husimama baada ya mbio fupi na kugeuka kutazama, na kama bunduki tayari iko juu ya kiegemeo cha miguu mitatu una sekunde tatu au nne. Akipiga ardhi kwa miguu, kofi mbili zito, amekusikia na majirani zake wamesikia. Hamia korongo lingine.

Jike lazima akaguliwe mfuko. Ukikuta mtoto asiye na manyoya, pigo moja zito la kichwa mara moja; mwenye manyoya vivyo hivyo. Mtoto aliyeachwa ndani ya mfuko wa mama aliyekufa hufa kwa baridi na njaa, na hakuna kisingizio cha kupita bila kuangalia. Mtoto aliyekwisha kutoka mfukoni na bado anamfuata mama apigwe kwanza akiwa anaonekana, kwa kuwa akikimbia hutampata.

Ndani ya gari chumba cha risasi kiwe kitupu mpaka ushuke, bolti nje barabarani. Asubuhi mpelekee mwenye shamba idadi, majike wangapi, na korongo gani, kwa ujumbe mfupi wenye namba za ramani. Kwake hiyo ni rekodi ya kazi ya kudhibiti. Kisha vua kiwambo kabla bunduki haijaingia kabatini. Unyevu wa baruti unaobaki ndani yake huanza kula mdomo wa mtutu usiku huo huo.